Kila saa saba mchana mkanda wa korosho unazima, na ninakishuku kiunganishi changu cha mizani (Modbus)

BintiMikindani

Habari za jioni wadau. Wakubwa wote shikamooni. Naombeni msaada, nimekwama tangu Jumatatu na bosi ameanza kunisalimia huku anaangalia saa yake.

Mimi ni fundi umeme kwenye kiwanda kidogo cha kubangua korosho hapa Mtwara, upande wa kuelekea Mikindani. VETA nilisoma umeme wa majumbani. Haya ya PLC (kompyuta ndogo inayoendesha mitambo) nimeyaokota kazini, kwa hiyo mkiona nimeandika ujinga semeni tu, sinuni.

Kutoka chumba cha udhibiti inatoka kebo moja ya RS-485 (waya mbili, A na B, vifaa vyote vinazitumia kwa pamoja), lugha yao ni Modbus RTU ya kuulizana na kujibu, kasi 9600, pariti shufwa. Kwenye kebo hiyo kuna inveta tatu za kuendesha mota za mikanda (anwani 1, 2 na 3), vidhibiti joto viwili vya tanuri la kukaushia (4 na 5) na mita ya umeme (6). PLC inawapitia mmoja mmoja, mzunguko mzima ni kama milisekunde 400. Asiyejibu ndani ya milisekunde 200 anarukwa. Msimu uliopita tumebangua mpaka mwisho bila kuugusa mtandao huu.

Mwaka huu bosi anataka uzito wa kila gunia la korosho ghafi uonekane kwenye skrini ileile, maana daftari la mapokezi na stoo vilikuwa haviongei lugha moja. Mizani yenyewe ni ya kilo 300, na kile kichwa chake cha namba ni cha zamani, Modbus hakijui. Nyuma kina tundu la RS-232 tu (waya wa kifaa kimoja kwa kimoja), kinamwaga maandishi mara kumi hivi kwa sekunde, usiku na mchana:

`ST,GS,+ 80.45kg`

ST ni gunia limetulia. Likiwa linacheza inakuja US.

Nikatengeneza kiunganishi mwenyewe. Arduino Mega, kwa sababu ina milango minne ya siriali ya kweli, chipu ya MAX232 upande wa mizani, MAX485 upande wa mtandao, vyote ndani ya boksi la plastiki la swichi. Nikakipa anwani 7. Rejista (kisanduku cha namba ambacho PLC inakisoma) ya kwanza ni uzito mara mia, ya pili ni hali ya mizani. PLC inauliza:

`07 03 00 00 00 02 C4 6D`

na ndani ya jibu langu mnaona `1F 6D`, yaani 8045, yaani kilo 80.45. Siku ya kwanza namba ile ilipotokea kwenye skrini nilipiga picha nikamtumia mama. Akajibu, "Ndiyo nini hicho?"

Kulikuwa na kituko kimoja nikakitatua mwenyewe. Wapakuzi wakishusha gunia pamoja na turubai la chini, mizani inaonyesha -0.35, ila skrini inaandika 655.01. Bosi alitoka mbio ofisini kutaka kuliona gunia la kilo mia sita. Kumbe -35 kwenye rejista ya biti 16 ni `FF DD`, na PLC ilikuwa inaisoma kama namba isiyo na hasi, 65501. Nimebadilisha aina ya namba kwenye PLC, yameisha.

Sasa balaa lenyewe. Tangu nifunge hiki kiunganishi, kila siku kwenye saa saba mchana inveta mojawapo inazima kwa kosa la mawasiliano. Mara nyingi ni namba 2. Nimeziweka kwamba zikikosa ujumbe sahihi kwa sekunde moja zisimamishe mota. Mkanda unasimama, korosho zinarundikana mdomoni mwa mashine, kina mama wa kuchambua wanaanza kuniita majina. Nikifuta kosa, baada ya dakika tatu nne inazima tena. Ikifika saa nane hali inarudi shwari yenyewe. Asubuhi hakuna kitu. Jioni hakuna kitu.

Nikichomoa kiunganishi, saa saba inapita salama. Nikikirudisha, yaleyale. Mezani kwangu nilikijaribu saa tatu mfululizo na mizani, hakikukosea hata mara moja.

Nahisi joto, maana boksi liko kwenye ukuta wa bati na jua la saa saba mnalijua. Au umeme unashuka mchana? Au yale majiko ya mama lishe? Nimechanganyikiwa.

---

Kijana_Nachingwea

Pole dada. Hilo ni joto, hata usijisumbue kufikiri. Arduino ni ya kufundishia watoto, siyo ya kiwandani. Mwambie bosi anunue kiunganishi cha dukani kile cha reli, kazi iishe.

---

MzeeWaFyuzi

Marahaba mwanangu.

Usikimbilie programu kabla hujashika mita mkononi. Zima umeme wa vifaa vyote kwenye mtandao huo, halafu pima ohm kati ya A na B. Kebo ikiwa na rezista mbili za 120, moja kila mwisho, utapata kama 60. Ukipata 40 ujue kuna ya tatu, na mara nyingi ni fundi aliyeunganisha kifaa kipya akaacha kile kiswichi kidogo kimewashwa. Ukipata 120, mwisho mmoja uko wazi.

Pili, hiyo kebo ya kwenda kwenye mizani umeichomekea wapi? Kama umetoa tawi katikati, tawi ni refu kiasi gani?

Tatu, fungua maungio ya waya utazame. Mimi niko Lindi mjini, mita chache kutoka baharini. Skrubu za shaba huku zinaota ukungu wa kijani ndani ya msimu mmoja. Mikindani sidhani kama mnapona.

---

BintiMikindani

Mzee asante sana. Nimepima sasa hivi, 61. Skrubu nilizisafisha nilipofunga kiunganishi na nimezipaka mafuta. Tawi ndiyo, nimelitoa kwenye boksi la inveta 3 mpaka mizani, mita 9.

@Kijana_Nachingwea nilikipulizia kiunganishi hewa ya moto ya kukaushia nywele mpaka boksi likaanza kunuka. Kilikuwa kinajibu tu. Nilifanya hivyo jioni, lakini.

---

MzeeWaFyuzi

Mita 9 ndiyo mchawi wako. RS-485 haitaki matawi, inataka mnyororo. Ipeleke kebo ipite kwenye mizani na irudi.

---

FundiMtama

Mzee wangu, kwa heshima zote, kwenye 9600 mita 9 haziwezi kuleta hayo. Biti moja pale inachukua zaidi ya mikrosekunde 100, na mwangwi wa mita 9 unakwenda na kurudi ndani ya sehemu ndogo sana ya mikrosekunde moja. Ingekuwa kasi kubwa ningekuunga mkono. Na tawi halijui saa. Tawi bovu litasumbua asubuhi, mchana na jioni.

Dada, mimi nina maswali mawili tu.

Saa saba mchana, pale kwenye mizani kuna nani?

Na ule mstari wa mizani unausoma kwa amri gani? Bandika kile kipande hapa, usikisafishe.

---

BintiMikindani

Kipande ni hiki, kiko mwanzo wa mzunguko:

```
mstari = Serial1.readStringUntil('\n');
chambuaUzito(mstari);
sikilizaModbus();
```

Mizani iko chini ya mzee mmoja wa siku nyingi. Saa saba si muda wa kula, atakuwa yuko kula kama wengine. Inahusu nini?

---

FundiMtama

Inahusu kila kitu. Hiyo amri ya kwanza inasimama hapohapo kungoja alama ya mwisho wa mstari. Mizani ikiwa inaongea mara kumi kwa sekunde, inangoja sehemu ya kumi ya sekunde basi, na PLC yako inavumilia 200, kwa hiyo unaponea chupuchupu bila kujua. Mizani ikinyamaza, amri hiyo inangoja sekunde nzima kabla ya kukata tamaa. Arduino ndivyo ilivyowekwa tangu inatoka, milisekunde 1000, usipoibadilisha.

Ndani ya sekunde hiyo Mega yako haisikilizi Modbus. Ila mlango wake unaendelea kupokea na kurundika kwenye bafa, ghala lake dogo la muda, la baiti 64. Ikijaa, za nyuma zinamwagika, za mwanzo zinabaki. Programu ikizinduka inakuta swali la PLC lililokuja zamani, CRC yake (namba ya kuhakiki ujumbe) nzima, anwani yake ni 7, na inajibu kwa adabu zote. Swali ambalo PLC ilishalisahau! Na wakati huohuo PLC iko hewani inamuuliza inveta. Wawili wanaongea kwenye waya mmoja, inveta inapokea mchanganyiko, CRC inakataa, inautupa ujumbe kama inavyotakiwa.

Sasa piga hesabu. Kiunganishi kisipojibu, mzunguko wako unapanda kutoka 400 hadi 600 kwa sababu PLC inapoteza 200 kukingoja. Inveta ikikosa zamu moja tu, kutoka ujumbe mzuri mpaka ujumbe mzuri ni 1200. Wewe umeiwekea 1000.

Kesho saa saba usikae chumba cha udhibiti. Kaa pale mizani, uwe na laptopu na kile kijiti cha USB cha RS-485, usikilize tu waya bila kuandika kitu. Uone huyo mzee anafanya nini akienda kula.

---

Kijana_Nachingwea

Dah. Mimi nilishauza wazo la joto mpaka kwa rafiki zangu.

---

BintiMikindani

Nimerudi sasa hivi, bado nina vumbi la maganda kichwani.

Saa saba kasoro dakika mbili mzee wa mizani akashusha gunia la mwisho, akafuta kioo cha mizani kwa kitambaa, akaminya kitufe chekundu, kichwa kikazima. Nikamsalimia, nikamuuliza, "Babu, kwa nini unaizima?" Akanitazama kama nimemuuliza kwa nini anafunga mlango akitoka nyumbani. "Nayo ipumzike. Tangu asubuhi inabeba." Kisha akaenda kula ming'oko yake. Anafanya hivyo tangu kabla mimi sijaajiriwa, na saa nane akirudi anaiwasha.

Jioni akiondoka pia anaizima, ila saa hizo mikanda inakuwa imeshasimama, ndiyo maana sikuona kitu.

Haya ndiyo niliyoyakuta kwenye waya, milisekunde upande wa kushoto:

```
   0   PLC inamuuliza 07
 200   kimya, PLC inamuuliza 01, 01 anajibu
 260   02 anaulizwa, anajibu
 ...
 590   PLC inamuuliza 07 tena
 790   kimya, PLC inamuuliza 01, 01 anajibu
 852   PLC inamuuliza 02, na 07 anajibu hapohapo
       takataka, 02 kimya
```

Hiyo ni dakika sita tangu mizani izimwe, na palepale inveta 2 ikazima, mimi nikiwa naiangalia. FundiMtama, umekaa Mtama umeona mpaka kwenye mizani yetu. Nimecheka peke yangu, kina mama wakaniuliza kama nina homa.

Sasa nitengeneze vipi? Nimwambie mzee asizime?

---

FundiMtama

Hapana, mwache mzee na utaratibu wake. Hata asipozima, siku moja panya atakata waya wa mizani na utarudi hapahapa. Kifaa cha kwenye mtandao hakiruhusiwi kutegemea kwamba jirani yake yuko macho.

Futa ile amri. Kila mzunguko uliza: kuna herufi imefika kutoka kwenye mizani? Ipo, ichukue iweke kwenye safu, endelea. Haipo, endelea. Ikija alama ya mwisho wa mstari ndiyo uchambue uzito, uandike kwenye rejista, na ukumbuke saa uliyoipata. Mizani isishike mkono wa programu hata kwa milisekunde moja.

Upande wa Modbus, ujumbe unaisha pale waya unaponyamaza kwa muda wa herufi tatu na nusu. Kwa 9600 na pariti yako herufi moja ni biti 11, kwa hiyo kimya hicho ni milisekunde 4. Hapo ndipo uangalie anwani na CRC. Na weka kizuizi: kama kutoka ujumbe uishe mpaka wewe uwe tayari kujibu zimepita milisekunde 50, tupa, usijibu. Jibu lililochelewa ni baya kuliko kimya.

Halafu jambo ambalo wengi wanaliruka. Mizani ikizimwa, rejista ya uzito ina nini? Kwa programu yako ya sasa ina 80.45 ya gunia la mwisho, mpaka saa nane. Skrini inamwambia bosi kuna gunia juu ya mizani na hakuna. Ile rejista yako ya pili itumie: biti 0 imetulia, biti 1 data imepitwa na wakati, tuseme zaidi ya sekunde 2. PLC ikiona biti 1 iandike vistari badala ya namba.

---

MzeeWaFyuzi

Nimekubali, tawi nimeliachia. Ila kwa nini asijibu tu kwa kosa? Modbus ina namba ya kosa maalumu kwa kazi hiyo, `0B`, kwamba mimi daraja nipo ila kifaa kilicho nyuma yangu hakijibu. Jibu linatoka `83` badala ya `03`. Ndiyo kanuni.

---

FundiMtama

Kanuni ni kweli mzee, na kwenye mfumo mpya ningefanya hivyo. PLC nyingi za zamani zikipokea kosa lolote zinalihesabu sawa na kutojibiwa, zinawasha taa nyekundu bila kusema kosa gani. Dada atakuwa anaamshwa kila saa saba kwa sababu ya chakula cha mchana. Rejista ya hali inasomeka na kila mtu.

---

MzeeWaFyuzi

Haya. Basi nami nichangie kile kilichoniumiza. Mwanangu, ile pini ya MAX485 inayoruhusu kuongea, unaishusha lini baada ya kujibu? Mimi niliwahi kufunga kifaa cha pampu ya maji, nikawa naandika baiti zote halafu nashusha pini palepale. Programu inadhani imemaliza kwa sababu baiti zimeingia kwenye bafa, kumbe bado hazijatoka kwenye waya. Mkia wa CRC ulikuwa unakatwa kila mara. Nilikesha usiku mbili nikibadilisha kebo ambazo hazikuwa na kosa lolote. Ngoja `flush` iishe ndiyo ushushe. Ukichelewa sana kuishusha nako ni kosa, utakuwa umeushika waya wakati PLC inaanza kumuuliza mwenzio.

---

BintiMikindani

`flush` ninayo, nilinakili mahali bila kujua kazi yake. Sasa najua. Ngoja niandike upya usiku huu, umeme ukikubali.

---

BintiMikindani

Siku ya pili leo, nimengoja nisije kujisifu mapema.

Jana saa saba nilisimama pale tena. Babu akafuta kioo, akaminya kitufe. Nikahesabu moja, mbili, nikapiga simu chumba cha udhibiti. Kijana aliyeko kule akasema, "Namba imeondoka, kuna vistari." Mikanda inaendelea. Nikakaa mpaka saa nane nikila muhogo wa kuchoma juu ya gunia, laptopu mapajani. Kiunganishi kinajibu ndani ya milisekunde 6 hadi 8, mizani ikiwa imewashwa au imezimwa, hakuna tofauti. Leo hivyohivyo.

Nilijaribu na ubaya wa makusudi: nikachomoa waya wa RS-232 katikati ya mstari, ikaingia `ST,GS,+ 8` halafu basi. Programu ya kwanza ingeuamini mstari huo na kusema kilo 8. Sasa mstari usioishia na kg unatupwa. Hilo hamkuniambia, nimelifikiria mwenyewe, naomba mnipigie makofi.

Inveta nimeziacha kwenye sekunde moja. Bosi alitaka niweke tano "tulale usingizi", nikakataa. Mkanda ule una mikono ya watu karibu, ukipoteza mawasiliano usimame.

Amebaki na swali moja tu, kwa nini skrini inaweka vistari wakati wa chakula, kwani mfumo mbovu? Nimemwambia akamuulize babu.

---

Kijana_Nachingwea

Hongera sana dada. Makofi haya hapa. Unaweza kuturushia programu nzima? Huku kwetu kuna mizani ya ufuta kama hiyohiyo, na mimi Arduino ninayo, ile ya watoto.

---

BintiMikindani

Jumapili nitaiweka. Majina ya vigezo mle ndani ni matusi kwa inveta namba 2, nianze kwanza kuyafuta.